Kuanza sanaa za mapigano ukiwa na umri wowote: wiki 12 za kwanza

"Je, nimechelewa?" Swali hili ndilo hutangulia, na mwenye miaka 28 huliuliza kwa wasiwasi uleule wa mwenye miaka 61. Maswali yanayofuata huwa ni yaleyale: karate au judo, goti bovu litahimili, mtoto aanze lini, sare inunuliwe siku gani. Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja.

Hujachelewa. Ila uelewe jambo moja tangu mwanzo: faida zinazodumu maisha yote humfikia yule ambaye baada ya miaka 10 bado anakanyaga mkeka. Aliyejituma kupita kiasi miezi miwili akaishia na bega lililotoka hapati kitu. Kwa hiyo hapa hutajifunza kupigana, maana hiyo ni kazi ya mwalimu wako. Utajifunza kuvuka wiki 12 za mwanzo ukiwa mzima na ukiwa bado unapenda kurudi.

Unachokifuata hasa

Nadharia kidogo tu. Kuanzia miaka ya 30 na 40 mwili huanza kupoteza misuli polepole. Nguvu ya ghafla, ile inayokuwezesha kujidaka ukijikwaa, hupungua upesi kuliko nguvu ya kunyanyua mzigo. Kutembea ni kuzuri, lakini hakukufundishi kusimama kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kinageuka, kurudi nyuma bila kutazama, wala kwenda chini na kuinuka mara 30 katika kipindi kimoja. Sanaa za mapigano hufanya yote hayo ndani ya saa moja, tena ukiwa na mtu mbele yako ambaye lazima umsome.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea linaongeza mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu, siku 3 au zaidi kwa wiki. Vipindi viwili ukumbini na mazoezi mafupi ya nyumbani hukusogeza karibu kabisa na kiwango hicho. Kwa upande wa tai chi, sanaa ya Kichina ya miondoko ya polepole, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba hupunguza kuanguka kwa wazee, na kuanguka ndiko huwavunja wengi nyonga.

Kuna na faida ya kichwa: kukariri mifuatano ya miondoko, na kuzoea kutulia mtu anapokujia. Anayekuahidi kwamba utapungua kilo kadhaa bila kugusa sahani yako, huyo anakuuzia kitu.

Vya kuwa navyo kabla ya siku ya kwanza

- Ruhusa ya daktari, ikiwa una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari, mifupa dhaifu, ngiri, upasuaji wa karibuni au mimba, au ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Anayetumia dawa hizo asiingie kwenye mchezo wa kupigwa au kuangushwa, hata mazoezi yakiitwa mepesi. Mwenye kisukari anayejidunga insulini apime sukari kabla ya kipindi, na awe na kitu kitamu mfukoni mwa begi.
- Fulana ya pamba na suruali ya mazoezi isiyo na zipu wala mifuko. Mfuko hunasa vidole vya mwenzako, na vidole vikinaswa huteguka.
- Kikata kucha, taulo, maji ya kunywa, na ndara za kuvaa nje ya mkeka.
- Daftari dogo na kalamu.
- Siku mbili za wiki zisizofuatana, ambazo unajua hakuna kitakachozivamia.

Sare isubiri mwezi mmoja. Ukiinunua, kumbuka pamba hurudi (husinyaa) ikifuliwa kwa maji moto. Kama haikusinyazwa tayari kiwandani, chukua yenye nafasi kidogo na uifue kwa maji baridi. Bandeji za mikono (mita 4 hadi 4.5 kwa mtu mzima) zisubiri utakapoanza kupiga mfuko. Kinga ya meno na glavu za wakia 14 au 16 hazihitajiki mpaka utakapoanza kupigana na mwenzako, yaani si kabla ya wiki ya 9.

Hatua ya 1: Jipime leo, kabla hujachoka

Fanya vipimo vinne nyumbani, pekupeku, ukiwa karibu na ukuta. Andika matokeo na tarehe.

1. Simama kwa mguu mmoja, macho wazi, mikono ikining'inia. Hesabu sekunde mpaka mguu wa pili uguse chini, na ukifika 30 acha. Pima miguu yote miwili.
2. Kaa sakafuni, kisha inuka. Hesabu mara ulizojisaidia kwa kiganja, goti, kigasha, au kwa kuweka mkono juu ya paja.
3. Kwenye kiti cha kawaida kisichoyumba, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, simama na ukae kwa sekunde 30. Hesabu mara ulizosimama wima kabisa.
4. Chuchumaa visigino vikiwa chini. Hesabu sekunde. Visigino vikinyanyuka mara moja, andika hivyohivyo.

Rudia vipimo hivi wiki ya 6 na wiki ya 12, saa ileile ya siku. Wengi hukosea kwa kujipima baada ya kipindi cha mazoezi, wakaona wamerudi nyuma, kumbe miguu imechoka tu.

Hatua ya 2: Chagua mchezo kwa mwili ulio nao

Sinema zisikuchagulie. Anza na kiungo kinachokusumbua.

Goti au nyonga ikiwa mbovu, mateke ya juu ya taekwondo na yale ya kuzunguka yatakuumiza mapema. Ngumi za mazoezi kwenye mfuko, karate yenye mateke ya chini au tai chi zitakufaa zaidi. Bega au vidole vikiwa na kasoro, judo na jujitsu huvivuta kila dakika kwa sababu ya kushikana nguo, hivyo karate au taekwondo ni nafuu. Mwenye mifupa dhaifu abaki kwenye tai chi na mifuatano ya peke yake, asirushwe, na aepuke kuinama na kujipinda kwa nguvu. Mwenye miopia kali (asiyeona vizuri vya mbali), au aliyewahi kuwa na tatizo la retina (utando wa nyuma ya jicho), asiingie kwenye mchezo wowote wa kupigwa kichwani. Na aliye mzima wa viungo, hata akiwa na miaka 50, afikirie judo au jujitsu, maana huko kuanguka hufundishwa tangu siku ya kwanza, na kuanguka ndiko utakakokutumia nje ya ukumbi kuliko ngumi.

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882. Wengi wanaiona kuwa ni kutupana chini tu. Lakini ndani yake kuna mfuatano uitwao ju no kata, unaofanywa taratibu na watu wawili, mtupo hukaribia kukamilika kisha mtu hurudishwa miguuni salama, na waweza kuufanya hata kwa nguo za kawaida. Keiko Fukuda, mwanafunzi wa Kano mwenyewe, aliutaalamikia mfuatano huu na akaendelea kufundisha hadi uzeeni kabisa. Alitunukiwa dani (daraja la mkanda mweusi) ya 10 nchini Marekani mwaka 2011 akiwa na miaka 98. Ukimpata mwalimu wa judo, muulize kama anaufundisha. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu namna anavyowafikiria wanafunzi wenye umri.

Ukiwa njia panda kati ya mchezo unaoupenda ulio mbali na mwalimu mzuri aliye karibu, mchukue mwalimu. Safari ndefu huua mazoezi kuliko maumivu.

Hatua ya 3: Kagua ukumbi ukiwa umekaa

Omba kutazama kipindi kizima, mwanzo hadi mwisho, bila kushiriki. Mwalimu akikukatalia bila sababu ya maana, ondoka.

Anza na mkeka. Kama watu wanarushwa, mikeka ya judo kwa kawaida huwa na unene wa sentimita 4 au 5. Ikanyage kwa kisigino uone kama unagusa sakafu ngumu. Tazama viungo vya mkeka na mkeka: ufa unaoingiza kidole cha mguu utakivunja kidole hicho siku moja. Kisha tazama kuta na nguzo kama zimefunikwa.

Mtafute mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Anafanya nini wengine wanaporuka? Mwalimu amempa zoezi mbadala, au amemwacha ahangaike? Kama hayupo hata mmoja aliyevuka miaka 40, uliza kwa nini.

Muulize mwalimu maswali matatu: mwanafunzi mpya huanza kupigana na mwenzake baada ya muda gani? Mtu akigongwa kichwani mnafanyaje? Mgeni hupangiwa kufanya mazoezi na nani? Majibu unayoyataka ni wiki kadhaa, anaacha mazoezi siku hiyohiyo, na mwanafunzi mzoefu mtulivu.

Kimbia ukiona mgeni anapigwa siku ya kwanza "ili azoee", mtu anagonga kusalimu amri na anaendelea kukabwa, au unadaiwa malipo ya mwaka mzima kabla hujajaribu kipindi kimoja.

Hatua ya 4: Jifunze kuanguka kabla ya kupiga

Hata kama mchezo wako ni karate au ngumi, mwombe mwalimu akufundishe kuanguka chali. Usijifunzie kwenye sakafu tupu. Pita ngazi hizi nne kwa mpangilio, usiruke hata moja.

1. Ukiwa umelala (wiki ya 1). Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Vuta kidevu kifuani na ukitazame kifundo cha mkanda wako, au kitovu kama huna mkanda. Kunja mikono kifuani, kisha ipige kwenye mkeka pande zote mbili kwa wakati mmoja, viganja vikitazama chini. Kinachopiga ni mkono mzima kuanzia kiganja hadi kiwiko. Pumua nje kwa sauti unapopiga. Fanya mara 20. Kisogo hakigusi mkeka hata mara moja.
2. Ukiwa umekaa (wiki ya 2). Kaa, nyoosha mikono mbele, pinda mgongo uwe duara kama bakuli, jiviringishe nyuma na upige mkeka mabega yanapofika. Mara 10.
3. Ukiwa umechuchumaa (wiki ya 3 na 4). Keti karibu kabisa na visigino vyako, kisha jiviringishe. Mara 10. Ambaye hawezi kuchuchumaa aendelee na ngazi ya 2, hakuna aibu.
4. Ukiwa umesimama (kuanzia wiki ya 5, mwalimu akiwepo). Ni ileile ya kuchuchumaa, ila unaanzia juu: shuka kwanza, ndipo ujiviringishe. Mara 5.

Pembe ya mikono ndiyo huwatatiza wengi. Iwe kati ya nyuzi 30 na 45 kutoka ubavuni. Ikipanda usawa wa mabega, mshtuko wote huingia begani. Ikibana mno ubavuni, utaulalia mkono wako mwenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutanguliza kiganja nyuma ili ujidake. Mwili wote unaangukia kifundo cha mkono, na kifundo kikikataa, kiwiko au bega hulipa. Ndivyo watu wanavyovunjika mikono kwenye sakafu zenye maji. Mazoezi haya yote lengo lake ni kuifuta tabia hiyo, na haifutiki kwa siku moja. Ndiyo maana utarudia mara 20 mpaka uchoke nayo. Kosa la pili ni kukaa mbali na visigino, mpaka mfupa wa mkia ugonge wa kwanza. Ukihisi mkia umegonga, rudi ngazi ya 2.

Mwenye mifupa dhaifu afanye ngazi ya 1 tu, bila kupiga kwa nguvu, na hata hiyo kwa idhini ya daktari.

Hatua ya 5: Jifunze kuinuka

Zoezi hili hutoka kwenye jujitsu. Kwa mtu wa miaka 60 lina thamani kuliko mateke yote atakayofundishwa.

Kaa sakafuni. Kunja goti la kushoto, unyayo wa kushoto ukiwa bapa chini. Mguu wa kulia ulaze mbele. Weka kiganja cha kulia nyuma yako, vidole vikitazama nje au nyuma, na kigasha cha kushoto kiwe mbele ya uso. Sasa uzito uko kwenye unyayo wa kushoto na kiganja cha kulia. Nyanyua makalio, upitishe mguu wa kulia chini ya mwili wako, katikati ya kiganja na unyayo, uutue nyuma ya kile kiganja. Simama, mkono wa kulia ukiondoka chini mwisho. Mara 5, kisha geuza upande.

Anayekwama hapa mara nyingi hajanyanyua makalio ya kutosha, hivyo mguu hauna pa kupita. Usiulazimishe. Weka kiganja juu ya kitabu kinene au tofali la povu kwa wiki mbili za mwanzo.

Hatua ya 6: Fuata ratiba hii, usiipite

Wiki ya 1 hadi ya 4: vipindi 2 kwa wiki. Kasi yako iwe ile ambayo unaweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Kipindi kikiwa cha dakika 90, ni ruhusa kukaa pembeni dakika 10 za mwisho. Mwambie mwalimu mapema, usitoweke.

Wiki ya 5 hadi ya 8: vipindi 2, na cha tatu kifupi ukiamka mzima. Ongeza kitu kimoja tu kwa wiki: idadi, kasi au uzito, kamwe si vyote. Hapa ndipo watu huumia, na sababu yake ni rahisi. Misuli huimarika ndani ya wiki chache, lakini kano zinazoifunga kwenye mifupa huchukua miezi. Unajisikia una nguvu, unapiga mfuko kwa hasira, na kano ya kiwiko au ya kisigino inaanza kulalamika. Wiki ya 6 punguza kila kitu kwa nusu, hata kama hujachoka.

Wiki ya 9 hadi ya 12: vipindi 2 au 3, na mwalimu akikubali, anza kupigana kwa upole, raundi 3 za dakika 2.

Kila kipindi kianze na dakika 10 hadi 15 za kupasha mwili moto. Zungusha viungo, tembea, chuchumaa, rusha mateke ya chini. Kunyoosha kwa kina na kushikilia muda mrefu kunafaa mwisho, mwili ukiwa na joto. Ukiona ukumbi unaanza kwa kuwapanua watu miguu wakiwa baridi, fanya lako taratibu pembeni.

Hatua ya 7: Dakika 12 nyumbani, siku 2 za katikati

- Nyanyua visigino ukiwa umesimama, mara 15, kisha pumzika na urudie.
- Simama na kukaa kwenye kiti, mara 10, duru 2. Shuka kwa kuhesabu hadi tatu.
- Sukuma ukuta au ukingo wa meza imara, mara 10, duru 2.
- Kuinuka kwa hatua ya 5, mara 3 kila upande.
- Shika kiti, nyanyua teke la mbele kwa sekunde 3 kwenda na 3 kurudi, mara 5 kila mguu. Teke la polepole hufichua udhaifu wote ambao kasi huuficha.

Unapopiga mswaki, simama kwa mguu mmoja. Hiyo haihesabiki kuwa mazoezi, lakini kipimo cha 1 kitaihisi.

Hatua ya 8: Kupigana na mwenzako

Kabla ya raundi, mwambie kwa maneno: kasi unayotaka, kiungo chako kibovu, na kama kichwa kinaruhusiwa. Ukiwa na zaidi ya miaka 40 na hukusudii kushindana, chagua kichwa kisiguswe kabisa. Hupotezi faida hata moja, na ubongo hauoti upya kama ngozi.

Kwenye michezo ya kukaba na kupinda viungo, kusalimu amri ni kumgonga mwenzako mara mbili au zaidi, mahali anapohisi. Mikono ikinaswa, gonga mkeka kwa mguu au sema. Gonga mapema: kiungo kikianza kupinda upande usio wake, hungoji maumivu. Kabali iliyokaa sawasawa kwenye mishipa ya shingo humzimisha mtu kwa sekunde chache tu. Wenye shinikizo la damu au matatizo ya mishipa ya shingo waombe wasikabwe, na mwalimu anayejua kazi yake hatawauliza mara mbili.

Ukiwekwa na mtu anayezidisha kila raundi, hulazimiki kumvumilia. Sema "leo napumzika raundi hii" na ukae.

Hatua ya 9: Usafi wa mkeka

Kata kucha za mikono na miguu kabla ya kila kipindi. Ndara zako zisikanyage mkeka, na miguu pekupeku isikanyage choo. Oga mara tu baada ya kipindi, fua nguo kila mara, na usiache sare yenye jasho ndani ya begi usiku kucha. Mkanda nao unafuliwa. Waliokwambia kwamba ukifuliwa hupoteza baraka wanakusambazia bakteria. Kidonda chochote kifunikwe, na kama hakifunikiki, usipande mkeka.

Watoto na wenye zaidi ya miaka 70

Mtoto wa chini ya miaka 7 au 8 acheze tu: kujiviringisha, kukimbia, kuanguka, kusikiliza amri. Asipigwe kichwani, asipindwe viungo, wala asikabwe. Kipindi cha dakika 45 kinamtosha. Tazama kama anatoka akicheka. Mikanda ya rangi isikuhangaishe.

Aliyevuka 70 atumie mwongozo huuhuu, ila kila wiki aihesabu kuwa mbili. Wiki 12 ziwe 24. Afanye karibu na ukuta au kiti, na apate siku nzima ya mapumziko kati ya kipindi na kipindi, au mbili.

Matatizo na utatuzi wake

Mwili mzima unauma siku ya pili. Kawaida. Maumivu ya misuli huja baada ya siku moja, hufikia kilele ya pili au ya tatu, kisha huondoka. Tembea, lala vizuri. Maumivu makali ya sehemu moja ndani ya kiungo, au kiungo kilichovimba, si hayo: acha kukitumia na kionwe na mtaalamu.

Unahema kupita wenzako wote. Huenda unabana pumzi unapopiga au unapovutana. Kubana pumzi pia hupandisha shinikizo la damu ghafla. Pumua nje kwa kila ngumi, hata kama utasikika kama nyoka.

Kizunguzungu unapojiviringisha. Fanya mara 3 kwa wakati, macho wazi, kisha kaa. Kikija hata ukigeuka kitandani, mwone daktari kabla ya kuendelea.

Kifundo cha mkono kinauma baada ya mfuko. Ngumi yako inapinda inapogusa. Vifundo vya kidole cha shahada na cha kati ndivyo vya kugonga, vikiwa kwenye mstari mmoja na kigasha. Piga kwa robo ya nguvu kwa wiki mbili, bandeji ikiwa imefungwa vizuri juu ya kifundo.

Goti la mguu uliosimamia linauma baada ya teke la kuzunguka. Unyayo haukugeuka. Nyonga ikizunguka na unyayo ukang'ang'ania mkeka, goti ndilo husokotwa. Inua kisigino kidogo na ukigeuze kuelekea unakopiga kabla mguu wa teke haujanyooka.

Umegongwa kichwani na unaona ukungu, umesahau kilichotokea, au kichwa kinauma. Mazoezi yameisha siku hiyo, hata ukijisikia nafuu baada ya dakika 10. Usirudi mpaka dalili zote ziishe na daktari akuruhusu. Kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine, udhaifu wa upande mmoja au maumivu yanayoongezeka: hospitali, sasa hivi.

Kipele cha duara kinachowasha. Yaelekea ni choa. Mwambie mwalimu, tibiwa, na ukae nje ya mkeka mpaka aliyekutibu aseme huambukizi tena. Kukificha chini ya mkono wa sare ni kuwagawia wenzako.

Huoni maendeleo. Fungua daftari, linganisha vipimo vya wiki ya 1 na ya 6. Mara nyingi sekunde za mguu mmoja zimeongezeka huku wewe ukihuzunikia teke lisilofika juu.

Kijana wa miaka 19 anakuangusha kila raundi. Ataendelea kukuangusha. Jiwekee kazi ndogo: raundi hii nisibane pumzi, inayofuata nianguke kidevu kikiwa kifuani mara zote.

Umekosa wiki tatu kwa ugonjwa au kazi. Usianzie ulipoachia. Rudi ratiba ya wiki mbili nyuma, kwa nusu ya nguvu, na kipindi cha kwanza fanya hatua ya 4 na ya 5 tu. Hakuna haja ya kumpigia mwalimu maelezo marefu. Fika dakika 10 mapema, kata kucha, panda mkeka.